Mlango wa Bjerrum

Mwaka 1889, Jannik Bjerrum, daktari wa macho mjini Copenhagen, aliweka pembeni chombo walichokitumia wenzake wengi akaugeukia mlango wa chumba chake cha kazi. Chombo kile kilikuwa tao lililokaa kama sentimita 30 mbele ya uso wa mgonjwa, na kwa umbali mfupi hivyo pengo dogo katika uwezo wa kuona lilipita bila kugundulika. Bjerrum alimrudisha mgonjwa nyuma hadi kama mita 2, akamfunika jicho moja, akamtaka alitulize la pili kwenye alama ya katikati ya mlango. Kisha akachukua kisahani cheupe chenye upana wa milimita chache, kilichopachikwa kwenye ncha ya fimbo nyeusi, akakipitisha polepole. Mgonjwa alikuwa na kazi moja tu: kusema kisahani kinapopotea, na kusema kinaporudi.

Kwa wagonjwa wa glakoma, kisahani kilikuwa kikipotea kwa mpangilio unaofanana. Pengo lilianzia kwenye doa pofu, lile eneo dogo ambalo kila jicho, hata liwe zima namna gani, halioni kitu. Kutoka hapo lilipinda juu au chini ya katikati ya uwanja wa kuona na kuishia upande wa pua. Mpaka leo madaktari wa macho wanaliita eneo hilo kwa jina la Bjerrum. Mlango na fimbo vilikuwa vimetoa picha ya ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe hakujua ameanza kuuugua.

Kutojua huko ndiko kunakoifanya glakoma iwe hatari kuliko inavyodhaniwa. Kila jicho lina nyuzi za neva zipatazo milioni moja au zaidi kidogo, zinazopeleka habari kutoka retina hadi kwenye ubongo. Glakoma, ambayo wengi Afrika Mashariki wanaijua kwa jina la presha ya macho, huua nyuzi hizo kidogo kidogo. Aina yake iliyoenea zaidi haina maumivu wala wekundu. Jicho moja hufunika upungufu wa jingine, na ubongo huziba pengo lililobaki, kwa hiyo mgonjwa haoni giza popote. Anasoma herufi za ukutani mpaka mstari wa mwisho na kusema anaona vizuri, na kweli katikati anaona vizuri. Ila anajikwaa ngazi, anagonga kikombe mezani, anashtushwa na bodaboda iliyotokea ubavuni. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Tiba inaweza tu kulinda kilichobaki, na kwa sababu hiyo kugundua mapema ndiko kwenye faida kubwa.

Kupima presha ya jicho peke yake hakutoshi. Wapo wenye presha ya juu miaka mingi bila nyuzi zao kuharibika, na wapo wenye presha ya kawaida ambao uwanja wao wa kuona unazidi kupungua. Lazima daktari amuulize mgonjwa nini anakiona na wapi. Historia ya kipimo hiki inaweza kusimuliwa kama historia ya taa na kompyuta, lakini ukiifuatilia kwa karibu utaona kwamba hatua zake kubwa zilipatikana pale wapimaji walipomfikiria mtu aliyeketi mbele ya chombo: anachoka vipi, anakosea kwa nini, na asaidiweje atoe jibu la kuaminika.

Doa pofu lenyewe lilielezwa na Edme Mariotte wa Ufaransa katika miaka ya 1660. Jaribio lake mtu yeyote anaweza kulirudia nyumbani. Bandika karatasi ndogo ukutani usawa wa macho, na nyingine kuliani kwake, chini kidogo, umbali wa kama sentimita 60. Funga jicho la kushoto, ikazie macho karatasi ya kwanza, kisha rudi nyuma taratibu. Ukifika kama mita 3, karatasi ya kuliani hutoweka kabisa, na mahali pake huonekana ukuta mtupu. Hapo ndipo neva inapotokea nje ya jicho, na hakuna chembe za kupokea mwanga. Mwaka 1801 Mwingereza Thomas Young alichapisha vipimo vya uwanja mzima wa jicho lake: digrii 50 kwenda juu, 60 upande wa pua, 70 chini, na 90 upande wa nje. Vipimo hivyo havipishani sana na vya leo.

Hospitalini, kipimo kilianza na kijana wa Berlin. Albrecht von Graefe alikuwa hajatimiza miaka 30 alipochapisha, mwaka 1856, uchunguzi wake wa uwanja wa kuona wa wagonjwa. Miaka 5 tu kabla yake Hermann von Helmholtz alikuwa ametangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho, na kwa mara ya kwanza madaktari waliweza kukiona kichwa cha neva ya jicho la mtu aliye hai. Kuona neva, hata hivyo, hakukuwaambia mgonjwa amepoteza nini. Von Graefe alimweka mgonjwa mbele ya ubao, akamwambia akazie macho katikati, akachora mipaka ya alichokiona. Mwaka uliofuata alitangaza upasuaji wa kukata kipande cha ailisi, ile sehemu ya jicho yenye rangi, kwa ajili ya glakoma kali, na kwa mara ya kwanza ugonjwa huu ukawa na tiba iliyofanya kazi kwa baadhi ya watu. Alifariki mwaka 1870 akiwa na miaka 42.

Ubao una tatizo: ni bapa, na uwanja wa kuona unazunguka mpaka pembeni mwa kichwa. Ndipo Hermann Aubert na Richard Förster, huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland, walipotengeneza tao linaloweza kuzungushwa kila upande. Hilo ndilo tao ambalo Bjerrum aliliacha baadaye. Lilifika mbali pembeni, lakini lilikosa ukali pale glakoma inapoanzia, yaani katika digrii 30 za katikati.

Miaka 20 baada ya Bjerrum, mwaka 1909, mwenzake wa Denmark, Henning Rønne, aliongeza jambo ambalo baadaye lilikuja kuzaa matunda makubwa. Aliona kwamba pengo la glakoma upande wa pua mara nyingi huishia ghafla kwenye mstari wa ulalo, na kuacha ngazi kwenye mchoro. Sababu iko kwenye maumbile ya retina. Nyuzi za nusu ya juu na nyuzi za nusu ya chini hazivukani kwenye mstari huo, kwa hiyo nusu moja inaweza kuumia wakati nyingine bado nzima.

Harry Moss Traquair wa Edinburgh, ambaye kitabu chake cha mwaka 1927 kilisomesha vizazi vya madaktari, aliulinganisha uwanja wa kuona na kisiwa chenye kilima, kilichozungukwa na bahari ya upofu. Mkazi wa Mafia au Pate ataupata mfano huu upesi. Kilele ni pale katikati, tunapotumia kusoma na kutambua sura. Miteremko inashuka kuelekea ufukweni, ambako mwanga mkubwa tu ndio unaoonekana, na upande mmoja kuna shimo refu, lile doa la Mariotte. Wapimaji wa zama zile walikuwa wakizunguka ufukwe wa kisiwa kwa kisahani kinachosogea. Glakoma inapoanza haili ufukwe tu. Huchimba mashimo juu ya mteremko, na anayezunguka pwani anaweza kuyapita bila kuyaona.

Hans Goldmann, mzaliwa wa Bohemia aliyefanya kazi Bern nchini Uswisi, alileta nidhamu mwaka 1945. Badala ya tao au ubao alitumia bakuli jeupe lenye nusu kipenyo cha sentimita 30, lililoangazwa kwa mwanga usiobadilika, na kidoa cha mwanga ambacho ukubwa na ukali wake vilipangwa kwa hatua zinazojulikana. Kabla yake, daktari wa mji mmoja hakuweza kulinganisha mchoro wake na wa daktari wa mji mwingine, kwa kuwa kila chumba kilikuwa na dirisha lake na kila fimbo kisahani chake. Bakuli la Goldmann lilimaliza hilo. Mpimaji alikaa upande wa nyuma, akilitazama jicho la mgonjwa kwa darubini ndogo ahakikishe halihami, huku mkono wake ukisogeza kidoa na kuandika kwenye karatasi. Mgonjwa aliashiria kila alipokiona. Mpimaji hodari alitoa ramani nzuri ajabu. Asiye hodari, au mwenye haraka, alikosa mengi.

Ni kiasi gani kilikosekana? Harry Quigley na wenzake wa Johns Hopkins, Baltimore, walionyesha mwaka 1982. Walihesabu nyuzi katika neva za watu waliofariki ambao walikuwa wamewahi kupimwa kwa bakuli la Goldmann, wakakuta kwamba jicho liliweza kupoteza hata asilimia 40 ya nyuzi zake na kipimo bado kikasema ni zima. Kwa mgonjwa, huo ni uharibifu wa miaka mingi uliopita kimyakimya mbele ya wataalamu.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imeshaanza kupikwa. Mjini Tübingen, Ujerumani, Heinrich Harms na Elfriede Aulhorn walikuwa wameacha kukisogeza kidoa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Walikituliza mahali pamoja na kukiongezea mwanga kidogo kidogo mpaka mgonjwa akione, kisha wakahamia pengine, wakapata kimo cha kilima sehemu baada ya sehemu. Njia hiyo ilinasa mashimo madogo, lakini ilikula muda mrefu na kumchosha mpimaji pamoja na mgonjwa. Kazi ya kurudiarudia namna hiyo inafaa kompyuta, na katikati ya miaka ya 1970 kompyuta zilifika. Franz Fankhauser na wenzake, mjini Bern kwa Goldmann, walitoa mashine iliyoitwa Octopus. Huko Malmö, Sweden, Anders Heijl na Torsten Krakau walijenga ya kwao.

Krakau na Heijl walikuwa na swali gumu: mpimaji akiondoka nyuma ya darubini, nani atajua kama jicho limehama? Jibu walilipata kwa Mariotte. Mara kwa mara mashine yao ilirusha mwanga ndani ya doa pofu. Mgonjwa aliyetulia hawezi kuuona. Akibonyeza kitufe, maana yake jicho limesogea na kisiwa chote kimehama nalo. Udhaifu wa jicho uliojulikana kwa miaka 300 ukageuzwa kuwa mlinzi wa kipimo.

Mashine ya Humphrey, iliyotoka Marekani mwaka 1984, ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye kishikio, anafunikwa jicho moja, anashika kitufe. Ndani ya bakuli vimulimuli vinawaka kila kimoja kwa sehemu ya tano ya sekunde, vingine vikali, vingine hafifu kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kama kweli ameona. Katika njia ya zamani, mwanga ukionekana unapunguzwa kwa desibeli 4, na unaendelea kupunguzwa mpaka usionekane, kisha unapandishwa kwa desibeli 2 mpaka uonekane tena. Hivyo hivyo kwa vituo 76 vya uwanja wa kuona. Kwa hesabu hiyo jicho moja lilichukua kama dakika 15 na maswali mia kadhaa, na bado la pili lilisubiri.

Hapa ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa mgonjwa mwenye glakoma ni mara nyingi mtu mzima wa makamo au mzee. Kaketi chumba chenye giza, shingo imenyooshwa, na kwa makusudi kabisa mashine inamuuliza maswali ambayo nusu yake hawezi kuyajibu, kwa sababu inatafuta mpaka wa uwezo wake. Mtu ambaye hajaelezwa hilo huona anafeli mtihani. Wengine huanza kubonyeza kwa kubahatisha ili wasionekane vipofu. Wengine husinzia. Mashine huanza na kituo kimoja katika kila robo ya uwanja, hivyo aliyechoka mapema hupata alama nzuri sehemu 4 tu na giza kwingineko, na karatasi inatoka na umbo la jani lenye ndewe 4. Daktari mzoefu akiliona umbo hilo anajua amepimiwa uchovu, hajapimiwa neva.

Uboreshaji wa miaka iliyofuata ulielekezwa huko. Mwaka 1987 Heijl na wenzake walitangaza programu ya kulinganisha majibu ya mgonjwa na ya watu wazima wa afya wa umri wake, kwa kuwa uwezo wa kuona mwanga hafifu hupungua kadiri miaka inavyosonga. Mwaka 1992 Peter Åsman na Heijl walirudi kwenye ngazi ya Rønne. Kwa kuwa glakoma haigusi nusu ya juu na ya chini kwa usawa, walizigawa sehemu za juu na kuzilinganisha na zile zinazozielekea chini yake. Mtoto wa jicho hufifisha uwanja wote kwa pamoja, lakini glakoma huacha tofauti kati ya nusu mbili. Mgonjwa anakuwa mzani wa jicho lake mwenyewe.

Kisha ikaja hatua ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ilikuwa muhimu kupita zote tangu Goldmann. Mwaka 1997 Boel Bengtsson, Heijl na wanahisabati wa Sweden walitoa njia ya upimaji iliyoitwa SITA. Mashine iliacha kuuliza kila kituo kana kwamba haijui lolote. Iliyatumia majibu ya vituo vya jirani kukisia, ikafuata mwendo wa mgonjwa mwenyewe, ikakadiria ubahatishaji kwa kuangalia wakati aliobonyeza, na ikaacha kuuliza pindi ilipokuwa na uhakika wa kutosha. Muda ulipungua kwa nusu hivi. Toleo lililoelezwa mwaka 2019 linamaliza jicho kwa dakika 2 hadi 3. Mzee aliyekuwa akisinzia kwenye dakika ya 12 sasa anakuwa amekwisha kuvaa miwani yake na kuondoka.

Hata hivyo jibu la mara moja bado si la kutegemea. Utafiti mkubwa wa Marekani juu ya watu wenye presha ya macho iliyopanda, ulioandikisha watu 1,636, ulitoa somo zito mwaka 2000. Vipimo 703 vilivyoonyesha kasoro kwa mara ya kwanza, na vilivyohesabiwa kuwa vya kuaminika, vilirudiwa. Katika hivyo, 604 havikuthibitika. Yaani asilimia 86 ya kasoro za kwanza zilitoweka mgonjwa alipoketi tena. Ndiyo maana daktari makini hamwanzishii mtu dawa za maisha kwa karatasi moja, na hamwambii mtu kapona kwa karatasi moja.

Faida ya subira hiyo ilionekana Malmö na Helsingborg. Huko wakazi zaidi ya 44,000 walichunguzwa ili kupata wagonjwa wapya, na 255 wakagawanywa, baadhi wakatibiwa mara moja na wengine wakafuatiliwa bila dawa. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 45 ya waliotibiwa na asilimia 62 ya wasiotibiwa. Kilichowezesha kuiona tofauti hiyo ni vipimo vya uwanja wa kuona vilivyorudiwa mwaka hadi mwaka.

Afrika Mashariki ina ukurasa wake. Kongwa, mkoani Dodoma, mahali ambapo wengi wanapakumbuka kwa mradi wa karanga wa Waingereza, palikuwa kwa miaka mingi kituo cha utafiti wa ugonjwa wa macho wa trakoma. Watafiti waliokuwa huko walichagua vijiji 6 na kuwachunguza watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, asilimia 90 ya waliostahili. Mashine ya uwanja wa kuona yenye vituo 40 ilitumika kuchuja, na walioshukiwa wakapimwa kwa kina zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalikuta glakoma kwa asilimia 4.16 yao. Katika kila watu 100 wa umri huo, wanne. Kazi ile ilionyesha pia kwamba kipimo hiki kinaweza kupelekwa hadi vijijini.

Umuhimu wa kuwagundua wagonjwa mapema umeongezeka kwa sababu tiba nayo imesogea. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 wenye glakoma ya presha ya juu waligawanywa kati ya mionzi ya leza na matone ya timolol. Baada ya mwaka mmoja, kama ilivyochapishwa mwaka 2021, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho na matone kwa asilimia 31.

Mashine kubwa bado ina pengo lake. Donald Hood wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ameonyesha kwamba glakoma ya mapema huweza kugusa hata katikati kabisa, ilhali kipimo cha kawaida cha siku hizi, chenye vituo 54, kina vituo 4 tu ndani ya digrii 8 za katikati, eneo lenye sehemu kubwa sana ya chembe za neva. Toleo jipya limeongeza vituo 10 hapo.

Pengo jingine ni la umbali. Mwaka 2008 Balwantray Chauhan wa Halifax, Kanada, na wenzake walipendekeza vipimo 6 katika miaka 2 ya mwanzo, ili mgonjwa ambaye ugonjwa wake unakimbia agunduliwe kabla hajachelewa. Kutoka Kongwa hadi Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 80. Ikiwa mashine iko mjini, hizo ni safari 6 za kwenda na kurudi, nauli ya mgonjwa na ya mtu wa kumsindikiza, na siku za shamba zilizopotea.

Kwa hiyo kazi ya leo inaelekea kwenye vifaa vinavyobebeka. Huko Melbourne, Australia, imetengenezwa programu ya kishikwambi ambayo huhamisha alama ya kukaziwa macho mpaka kwenye pembe za kioo, na kwa ujanja huo kioo kidogo kinafikia eneo pana. Japani imetoa kifaa cha kuvaa kichwani kinachopima macho yote mawili bila kufunika lolote. London, watafiti waliwapa wagonjwa 20 vishikwambi wajipime nyumbani mara moja kwa mwezi kwa miezi 6. Karibu vipimo vyote vilifanyika, na majibu hayo yalipounganishwa na ya hospitali, kosa la upimaji lilipungua kwa zaidi ya nusu katika macho mengi. Vipimo vingi vifupi vilivyofanyika nyumbani vimeipa hospitali picha iliyo wazi zaidi. Kwa Kongwa, kazi iliyobaki ni ya kishikwambi kilichopangwa mwanga vizuri, chumba cha zahanati kinachoweza kutiwa giza, na muuguzi anayeweza kumweleza mzee kwa Kigogo au Kiswahili, kabla hajashika kitufe, kwamba mwanga mwingine hataweza kuuona na hilo si kosa lake.